Shangazi Ndiye Mwenye Jina

Siku niliyotuma jina la mtoto wa kaka yangu nilikula vizuri kuliko nilivyokula kwa miaka sita. Nilimaliza kiazi kikuu kizima na samaki juu yake, nikalamba vidole, kisha nikarudi bandani kwenye gogo langu na kuendelea kuponda gome la mforosadi la kutengenezea nguo. Fusipala, jirani yangu na mwenzangu wa kuponda, alinitazama kwa muda bila kuinua nyundo yake ya mti.

"Umelituma kweli?" aliuliza.

"Nimelituma."

"Lile lile?"

"Lile lile. Li'aki."

Fusi aliweka nyundo chini. Kwetu kisiwani Vava'u neno hilo halina uzuri wowote wa kujificha nyuma yake. Ni kilichotupwa, ni mtu aliyeachwa. Hakuna mama ambaye angempa mwanawe jina hilo, ila kwetu mama hampi mwanawe jina. Jina ni la shangazi. Dada mkubwa wa baba ndiye analitoa, na likishatoka kinywani mwake hakuna wa kulirudisha, awe baba, bibi au mchungaji. Na kaka yangu Filimone ana dada mmoja tu chini ya jua, ambaye ni mimi, Kalolaine.

"Jina jema hung'ara gizani, mwenzangu," alisema Fusi. "Hilo lako litanuka mchana kweupe."

"Likinuka watu wataulizana harufu imetoka wapi. Ndicho ninachokitaka."

"Mtoto ataanza shule. Mwalimu ataita majina. Watoto wenzake watacheka mpaka kaptula ziwadondoke."

"Mwalimu atauliza kwa nini anaitwa hivyo. Na atajibiwa."

Fusi alichukua tena nyundo yake, maana ni kweli. Majina yetu ni habari zilizofupishwa. Kijijini kwetu yuko mzee mwenye jina la kimbunga kilichong'oa paa la kanisa siku aliyozaliwa, na yuko mama mwenye jina la meli iliyomleta baba yake kutoka hospitali akiwa mzima. Ukimwita mtu, umefungua hadithi. Nami nilitaka hadithi yangu ifunguliwe kila asubuhi, uani kwa Lesieli, kwa jina la mjukuu wake wa kwanza wa kiume.

Lesieli ni mama wa Seini, wifi yangu aliyejifungua. Lakini kabla hajawa mama mkwe wa kaka yangu, nusura awe wangu mimi. Mwanawe Sitiveni alinichumbia. Nilimpenda hivi kwamba nilikuwa nikisikia mlio wa baiskeli yake barabarani nashindwa kuhesabu vipande vya gome mikononi mwangu. Siku ya harusi nguruwe thelathini walikuwa wameshaingia kwenye mashimo ya kuokea. Walinipaka mafuta ya nazi nikang'aa, wakanizungushia nguo ya magome ambayo mimi na mama yangu marehemu tuliiponda mwaka mzima, wakanikalisha mkekani saa nne asubuhi. Nilikaa mpaka saa kumi jioni. Saa kumi Lesieli alifika getini kwetu peke yake, akasimama wima mbele ya watu wote, akasema hajaona mke wa mwanawe katika nyumba ile, na kwamba yeye mwenyewe amempandisha melini aende zake Auckland.

Wageni walikula. Ungewalaumu? Nyama ilikuwa imeshaiva. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na siku ile nilijua nguruwe anajisikiaje.

Ile nguo niliikunja nikaiweka chini ya godoro, nikailalia miaka sita.

Halafu Mungu ana mzaha wake. Miaka mitatu baadaye Seini, binti yake Lesieli, aliruka dirishani usiku akamfuata kaka yangu, na Lesieli akalazimika kuipokea familia aliyoikataa. Ningeweza kuipinga ndoa ile. Sikuipinga, kwa sababu nampenda Filimone, na niseme ukweli wote, kwa sababu nilijua siku moja Seini atazaa.

Hata hivyo huenda ningempa mtoto jina la kawaida kama Lesieli asingetangulia. Mtoto hajatimiza siku tano, bibi huyu alikwishawatangazia kina mama wa kanisa kwamba mjukuu ataitwa Lopeti, jina la marehemu mumewe. Alikwishadarizi foronya mbili, Lopeti kwa uzi mwekundu, na maua pembeni. Mimi niliisikia habari hiyo dukani, nikinunua kiberiti. Mwenye jina anaambiwa jina na mwenye duka. Nililipa kiberiti changu, nikaja nyumbani, nikamtuma kijana na neno moja.

Filimone hakuja kunisihi. Kaka kwetu hamjibu dada, wala haingii nyumba anayolala dada yake. Aliacha fungu la majimbi juu ya ua wangu, akasimama kidogo akiwa amenipa mgongo, akaenda. Jumanne alikuja Seini. Alikaa kizingitini na mtoto mapajani, macho yamevimba, akasema, "Asante kwa jina, wifi." Ndivyo inavyotakiwa kusemwa. Kisha machozi yakamdondokea mtoto utosini, akayafuta kwa kiganja haraka nisiyaone. Mtoto alikuwa ameshika kidole changu. Nilikitoa taratibu, nikasema ubatizo ni Jumapili na mimi nitakuwepo.

Usiku ule sikula vizuri tena, lakini sikubadili neno.

Alhamisi mchana tulikuwa bandani, mimi na Fusi, tunaponda kwa zamu. Fusi ndiye aliyemwona kwanza.

"Usigeuke," alisema.

Niligeuka.

"Si nimekuambia usigeuke?"

Sitiveni, ambaye sikumwona tangu aende Auckland, alikuwa amesimama kwenye lango, shati jeupe limepigwa pasi, amejifunga kiunoni mkeka wa heshima tunaouvaa kwetu, kama mtu anayekwenda kanisani siku ya kazi. Alikuwa amenenepa kidogo mabegani. Lile kovu la zamani la moto bado lilikuwa shingoni, chini ya sikio, pale nilipozoea kuweka kidole changu. Moyo wangu haukuniuliza ruhusa. Uliruka palepale, na nikauchukia.

"Mimi nakwenda kutazama nguo zangu kambani," alisema Fusi.

"Hujafua."

"Basi nakwenda kufua." Akaondoka, mwendo wa pole wa mtu anayetaka kusikia.

"Kalo," alisema Sitiveni.

Jina hilo lilikuwa lake peke yake. Nilikuwa nimewakataza watu wote wengine.

"Kalolaine," nilimwambia. "Ukitaka kukaa, jiwe lile pale."

Alikaa. Alinitazama mikono, kisha uso, kisha mikono tena, na mimi nikaona aibu ya kucha zangu zilizojaa utomvu, nikakasirika kwa kuona aibu.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto," alisema.

"Mtoto ana baba na mama."

"Baba yake hawezi kukuambia neno, unajua. Na Seini anaogopa. Wanawake wamemwambia shangazi akinuna mtoto hanyonyi. Jana hakunyonya vizuri."

Neno hilo lilinichoma, lakini sikumpa nafasi ya kuliona. "Mpelekeni kliniki."

"Unamwadhibu mtoto wa siku kumi na nane."

"Simwadhibu yeye. Yeye ni bahasha tu. Barua ni ya bibi yake."

"Na akikua? Akija kukuuliza, shangazi, mimi nilitupwa na nani?"

"Nitamweleza. Nina kumbukumbu nzuri."

Alinyamaza. Ndani ya ukimya ule nilisikia pumzi yake, na nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tukinyamaza zamani, ukimya mwingine kabisa, nyuma ya ghala la nazi kavu. Nilichukua nyundo nikaponda mara tatu ili nisikumbuke.

"Unataka nini, Kalolaine? Sema kitu ambacho mtu anaweza kukifanya."

Nilikuwa nimelingojea swali hilo miaka sita.

"Nataka mama yako avae majani ya ifi."

Alifumba macho. Mtu aliyemkosea mwenzake kosa kubwa hufungwa shada la majani ya mti wa ifi shingoni, akajifunga mkeka uliochakaa, akaja kukaa chini, udongoni, ameinamisha kichwa, mpaka aliyekosewa amwambie inuka. Asipoambiwa, haendi popote. Watu huwafanyia hivyo machifu. Sijapata kusikia mwanamke mwenye hadhi ya Lesieli akimfanyia hivyo mponda magome, na ndiyo maana nililitaka jambo hilo kwa meno yote.

"Ana miaka sabini," alisema. "Magoti yake hayakunjiki."

"Siku ile getini kwetu alisimama vizuri sana."

"Ameshakubali."

"Nini?"

"Alilitarajia hilo hata kabla hujalisema. Tangu jana amemtuma mtu akachume majani. Atakuja Jumamosi."

Raha niliyoipata siwezi kuificha. Ilinipanda kutoka miguuni kama maji ya moto baada ya kazi. Nilimwona Lesieli udongoni, majirani wamejaa kwenye ua, na mimi nimekaa juu, sina haraka. Nikatabasamu, na Sitiveni akaliona tabasamu hilo, na nadhani ndilo lililomfungua mdomo.

"Usimfanyie hivyo, Kalo. Si yeye."

"Si yeye nini?"

"Mama hakunipandisha meli. Tiketi nilinunua mwenyewe. Nilikuwa nayo mfukoni tangu Jumatatu ya wiki ile."

Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Niliitazama kwa sababu sikutaka kumtazama yeye.

"Endelea," nilisema.

"Alfajiri ya harusi nilipita kwenu. Vijana walikuwa wanachimba mashimo ya kuokea. Mashimo mengi, safu nzima. Nikaona maisha yangu yote yameshachimbwa, bado mimi tu kuingia. Niliogopa. Nimetafuta neno zuri zaidi kwa miaka sita, sina. Niliogopa, nikakimbia."

"Na mama yako?"

"Alinifuata gatini bila viatu. Alipiga magoti mbele ya mabaharia. Alinishika shati likachanika. Aliponiona sirudi, alisema basi nenda, lakini usimwambie mtu yeyote kwamba umekimbia. Nitasema ni mimi."

"Kukuokoa wewe."

"Nilifikiri hivyo pia. Nilimuuliza. Akasema, msichana akiambiwa mama mkwe hamtaki, atanichukia mimi. Akiambiwa mchumba kamkimbia, atajichukia mwenyewe."

Nilianza kuponda. Sikujua nifanye nini kingine. Niliponda mahali pamoja mpaka gome likatoboka, kazi ya siku nzima, na bado nikaendelea juu ya tundu.

"Ondoka," nilimwambia.

"Na jina la mtoto?"

"Ondoka, Sitiveni, kabla sijasahau kwamba nyundo hii ni ya magome."

Alisimama. Alipofika langoni aligeuka. "Sikuoa," alisema.

"Sikuuliza."

Alikwenda. Fusi alirudi na ndoo isiyo na nguo hata moja ndani yake, akaniona uso, akakaa kando yangu bila utani. Nililia kwa sauti, kilio cha kuvuta pua, kisicho na adabu. Nilimlilia Lesieli, ambaye nilikuwa nimemtukana kila usiku juu ya godoro lile. Nililia pia kwa sababu nilikuwa bado nampenda yule mwoga, na hilo lilinikera kuliko yote.

Jumamosi asubuhi Lesieli alikuja, maana mwanawe hakuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba amesema. Alikuja kwa fimbo, hatua kwa hatua, mkeka uliochakaa kiunoni, majani mabichi ya ifi yamemfunika kifua. Majirani walikuwa wameshapanga vichwa vyao juu ya ua. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokiota, hata mbwa wa Fusi alinyamaza. Alipoanza kuinama, mkono mmoja ukitafuta udongo, nilikurupuka barazani nikamdaka kwapani kabla goti halijagusa chini.

"Kaa kwenye kiti, mama."

"Majani haya hayakai kwenye kiti."

"Basi nipe majani."

Niliyatoa shingoni mwake kwa mikono yangu. Shingo yake ilikuwa nyembamba, na ilinuka sabuni ya kufulia. Nilimwingiza ndani, nikamwekea chai, nikamwambia Sitiveni amesema yote. Alikunywa kwanza nusu kikombe.

"Mjinga yule," alisema. "Mimi nimefunga mdomo miaka sita, yeye amefika juzi tu, keshafungua wake."

"Kwa nini uliniacha nikuchukie?"

"Ulikuwa unahitaji mtu wa kumchukia, mwanangu. Mimi nilikuwa na nafasi."

Nilimwongezea sukari ambayo hakuiomba.

"Lakini foronya ni kosa langu," aliendelea, akitazama kikombe. "Hilo sikutumwa na mtu. Nilimkumbuka marehemu, mkono ukatangulia kichwa. Lilikuwa jina lako kutoa, nikajipa mimi. Hilo nisamehe, mengine siyaombei msamaha."

"Nimekusamehe. Na nisamehe yangu, ni mengi na hukuyasikia."

"Niliyasikia. Kuta zenu nyembamba."

Tulicheka, wote wawili, tukiwa na kamasi. Nikamshika mkono. Lakini asije mtu akafikiri kwamba hasira yangu iliishia kwenye kikombe kile cha chai. Hasira yangu ilihama nyumba tu. Kwa miaka sita ilikuwa imepanga kwa mwanamke asiye na hatia, na sasa ilikuwa imepewa anwani ya mwenyewe.

Lesieli alipoondoka nilimwita Fusi, nikamkabidhi yale majani.

"Mpelekee Sitiveni. Mwambie shada hili lilikosea shingo. Kesho saa nne, mlango wa kanisa, kabla watu hawajaingia."

"Na asipokuja?"

"Mtoto ataitwa Li'aki, na safari hii nitawaambia wote nani aliyetupa."

"Kalolaine, utamrudishia Seini machozi kwa kosa la kaka yake?"

"Mwambie hivyo hivyo," nilisema. Nikaingia ndani upesi, maana swali lake lilikuwa zuri na sikuwa na jibu zuri.

Jioni ile niliinua godoro. Niliikunjua nguo yangu ya harusi kwa mara ya kwanza, sakafuni, toka ukuta hadi ukuta. Michoro ilikuwa bado myeusi, na kwenye kona kulikuwa na alama ya kiganja cha mama. Nilichukua mkasi nikakata kipande cha kumtosha mtoto. Nilidhani nitaumia nikikikata, lakini sikuumia.

Jumapili saa nne kasoro alikuwepo. Sitiveni alikaa kwenye udongo pembeni ya mlango wa kanisa, si kwenye nyasi, mkeka uliochakaa kiunoni, majani ya mama yake shingoni, yamenyauka kidogo. Kijiji kizima kilipita mbele yake. Bibi vizee walisimama kurekebisha mikeka ambayo haikuwa na kasoro, ili watazame vizuri. Mtu alimuuliza mwenzake kwani kafanya nini, na mwenzake akasema kumbe hukujua, na hadithi ikaanza kutembea, safari hii kwa miguu yake ya kweli. Yeye hakuinua kichwa. Nilipita karibu naye hivi kwamba pindo la gauni langu liligusa goti lake, nikaingia ndani.

Mchungaji alifika kwenye beseni la ubatizo, akamtazama Filimone, akamtazama Seini, kisha akanigeukia mimi kama inavyopasa. Seini alikuwa amemkumbatia mtoto ndani ya kile kipande cha nguo yangu, midomo imebana. Lesieli alikuwa benchi la mbele, akijipepea kwa kipepeo chake. Kanisa lilikuwa kimya, maana lile jina nililolituma kwanza lilikuwa limeshasambaa, na kila mtu alitaka kuwa shahidi.

"Shangazi," alisema mchungaji, "mtoto huyu aitwe nani?"

"Lou'ifi," nilisema.

Watu walinong'ona. Majani ya ifi. Ni jina laini mdomoni, halina ubaya, mtu anaweza kuitwa hivyo mpaka akawa babu. Seini alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Jumanne, akanitazama, na safari hii aliposema asante hakusema kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Lakini Lesieli ni mwepesi wa akili. Alielewa kabla ya maji kumgusa mtoto. Kipepeo chake kilisimama. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa polepole, namna mtu anavyomtikisia kichwa binti yake mwenyewe.

Siku mwalimu atakapouliza kwa nini unaitwa hivi, mtoto atasema: kwa sababu siku niliyobatizwa, mjomba wangu alikaa udongoni na majani ya ifi shingoni, mbele ya shangazi yangu, ambaye mjomba huyo alimkimbia siku ya harusi. Hakuna wa kumcheka mtoto. Watamcheka mjomba, leo, na mwakani, na siku ya harusi ya Lou'ifi, na siku ya mazishi ya Sitiveni mwenyewe.

Tulipotoka, nilimwomba Seini anipe mtoto. Nilisimama mbele ya Sitiveni mpaka viatu vyangu vikawa chini ya macho yake.

"Umempa jina gani?" aliuliza chini chini.

Nikamwambia.

Mabega yake yakatikisika, na nilipoona uso wake kidogo, alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Kila atakapoitwa," alisema.

"Kila atakapoitwa."

"Nimestahili." Macho yake yalipanda kidogo, yakafika kwenye kile kitambaa cha magome, yakagota. Aliitambua michoro ile. Siku moja, zamani, aliniona nikiichora. "Hii ni ile?"

"Kipande chake."

"Na iliyobaki?"

Watu walikuwa wanangoja, nyasi nzima, kuona kama nitasema lile neno moja la kumwinua. Filimone alikuwa ameangalia pembeni, kama kaka anavyotakiwa. Fusi alinikonyeza, sijui kwa upande gani.

"Mimi nilikaa mpaka saa kumi," nilimwambia Sitiveni, nikaenda zangu karamuni.

Ilikuwa karamu nzuri, wanasema. Kulikuwa na nguruwe wadogo, majani ya jimbi yaliyopikwa kwa tui, matikiti yaliyokatwa. Walinikalisha juu, mahali pa shangazi, wakaniwekea nyama ya mgongo. Nilimpakata Lou'ifi na kumwita kwa jina lake mara nyingi ili alizoee, na mchana ule alinyonya mpaka akalala na maziwa kidevuni. Sahani yangu ilirudi kama ilivyokuja. Lesieli alipita mara moja, akaniuliza kama nimeshiba, nikasema nimeshiba, akasema jua la leo kali. Nilimfuta mtoto kidevu. Akasema tena, hata hajavaa kofia.

Kengele ya ibada ya jioni ilipoanza kulia saa kumi, nilikuwa tayari njiani, mtoto begani. Nilijiambia nakwenda kuangalia tu kama ameondoka. Nilikuwa nimeshaandaa na la kusema kwa uwanja mtupu: kwamba mwoga ni mwoga.

Alikuwepo. Majani yalikuwa yamekauka yakajikunja, shati limelowa jasho, midomo imepasuka. Mtu alikuwa amemwekea nazi ya kunywa pembeni na hakuigusa. Nilisimama mbele yake. Sikusema kitu mpaka kengele ilipokoma kabisa, na hata hapo nilingoja kidogo, kwa sababu nilitaka kidogo kile kiwe changu.

"Sijakusamehe," nilimwambia. "Usije ukafikiri."

"Sifikiri."

"Inuka. Lou'ifi anataka kumwona mjomba wake."